Kidonge ni hatua ya tatu

Siku hizi kila anayeuza mafuta au unga wa mizizi kwenye simu anasema anatibu "mwili, akili na roho". Mimi ni mfamasia. Wateja huniletea maneno hayo dirishani pamoja na chupa yenyewe, wanataka niwaambie kama ni kweli. Mara nyingi chupa haina hata orodha ya vilivyomo. Ndiyo maana naona ni vizuri nieleze tiba moja ambayo maneno hayo imeyafanyia kazi kwa karne nyingi, hatua kwa hatua, hadi yakawa somo la darasani lenye mitihani migumu: tiba ya Kitibeti, ambayo wenyewe huiita Sowa Rigpa.

Kitabu chake kikuu ni Gyushi. Kina sehemu nne zenye jumla ya sura 156, na mapokeo yanakihusisha na Yuthok Yonten Gonpo, jina lililobebwa na matabibu wawili: mkubwa anayesimuliwa kuwa wa karne ya 8, na mdogo wa karne ya 12. Kimeandikwa kwa mishororo ya kukaririwa, kama tenzi zetu, na kwa njia ya mazungumzo: mjuzi mmoja anauliza, mwenzake anajibu, na wote wawili wanachukuliwa kuwa wametokana na Buddha wa Tiba, yule anayechorwa na mwili wa buluu. Mwanafunzi hasomi Gyushi na kuiweka kando. Anaihifadhi kifuani, na hutakiwa kuighani mbele ya walimu kabla hajaruhusiwa kumshika mgonjwa mkono.

Sehemu ya kwanza ya kitabu huchorwa kama mti, na ningependa tusimame kwenye mti huo kidogo. Una mizizi 3: hali ya mwili, namna ya kutambua ugonjwa, na namna ya kutibu. Mizizi hiyo inatoa mashina 9, mashina yanatoa matawi 47, na matawi yanabeba majani 224. Shina la kwanza ni la mwili mzima wa afya na la pili ni la mwili mgonjwa. Kisha yapo mashina matatu ya utambuzi: kutazama, kugusa, kuuliza. Mwisho kabisa yapo manne ya matibabu, nayo yamepangwa kwa zamu: chakula, mwenendo, dawa, kisha tiba za nje kama kuchua, kuchoma, kupiga chuku na kutoa damu. Dawa ni ya tatu. Tabibu anayeanza na kidonge ameruka mashina mawili, na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza anaweza kumwonyesha kwa kidole ni wapi aliporuka.

Mwishoni mwa karne ya 17 Desi Sangye Gyatso, aliyekuwa akitawala kwa niaba ya Dalai Lama wa 5 (Dalai Lama ni kiongozi mkuu wa Watibeti), aliandika ufafanuzi mkubwa wa Gyushi, kisha akaagiza wachoraji waugeuze kuwa picha 79 za kitambaa. Mwaka 1696 akafungua chuo cha tiba juu ya kilima cha Chagpori, Lhasa, mji mkuu wa Tibeti. Picha hizo ndizo zilizonivuta kwenye habari hii. Nilitarajia mifupa na mishipa, na kweli imo, lakini safu kwa safu zimejaa watu wa kawaida katika shughuli zao: mtu anakula, mwingine amelala mchana, mwingine amekaa kwenye upepo, mwingine analia, mwingine anajizuia haja ndogo. Kuna sura nzima inayoonya juu ya kuzuia mambo ambayo mwili unayadai, kama njaa, kiu, usingizi, miayo, chafya na haja zote mbili. Kwao huu ni mwanzo wa magonjwa, na umechorwa kwa uangalifu uleule waliochorea ini.

Mwili kwa mafundisho haya unaendeshwa na nguvu tatu. Ya kwanza ni lung, upepo, inayohusika na pumzi, mwendo, fikra na hisia. Ya pili ni tripa, nyongo, yenye joto la kusaga chakula na kuchangamsha damu. Ya tatu ni beken, balghamu, yenye ubaridi na uzito, inayoshikanisha viungo na kuvilainisha. Zikiwa sawa, mtu ni mzima. Moja ikizidi, ikipungua au ikihama mahali pake, mtu anaugua. Hapo ndipo tiba hii inapoungana na dini yao ya Kibuddha: chanzo cha mbali cha upepo kuharibika ni tamaa, cha nyongo ni hasira, na cha balghamu ni kutojua. Msomaji Mwislamu au Mkristo asitishike. Amchi, ndivyo tabibu anavyoitwa huko, hamuulizi mgonjwa dini yake. Ila hakubali kwamba hasira ya miaka mingi ni jambo la nje ya hospitali.

Nilipokuwa nasoma famasia Punjab, India, nilikuwa na rafiki kutoka Kilifi aliyepoteza usingizi kabisa msimu wa mitihani. Moyo ulimwenda mbio bila sababu, kichwa kizunguzungu, mikono ikitetemeka. Vipimo vya hospitali vilitoka safi, akapewa vidonge vya usingizi vilivyomwacha amelewa mchana kutwa. Tukapanda basi kupitia Pathankot hadi Dharamsala, mji wa mlimani ambako Watibeti wengi wanaishi uhamishoni, kwa sababu mwanafunzi mwenzetu wa huko alitusihi.

Amchi alikuwa mama wa makamo. Watu walimwita Amchi-la, na hiyo "la" mwishoni ni adabu, nasi tukaiga. Rafiki yangu alikuwa ameambiwa alete mkojo wa kwanza wa asubuhi, na usiku uliotangulia asinywe chai kali wala asile kitu kizito. Amchi aliumimina kwenye kikombe cheupe akausogeza dirishani. Alitazama rangi, akautazama mvuke, akanusa, kisha akaukoroga kwa kijiti na kusubiri mapovu. Yalipanda makubwa, mkojo wenyewe ukiwa mweupe kama maji. Akamwambia atoe ulimi. Kisha akamshika mkono wa kushoto kwa mkono wake wa kulia na kupanga vidole vitatu chini kidogo ya kiganja: cha shahada kikigusa ngozi tu, cha kati kikizama hadi nyama, cha pete kikibonyeza karibu na mfupa. Kila kidole kina pande mbili, na kila upande unasikiliza kiungo chake, hivyo mikono yote miwili inatoa habari za viungo 12. Hakutumia saa. Tabibu huhesabu mapigo kwa pumzi yake mwenyewe: mapigo matano kwa pumzi moja ni ya mtu mzima, yakizidi ni ugonjwa wa joto, yakipungua ni wa baridi. Kwa hiyo ni lazima yeye mwenyewe awe ametulia kwanza. Alikaa kimya muda mrefu, akabadilisha mkono, akakaa kimya tena.

Ndipo akaanza kuuliza. Unakula saa ngapi? Asubuhi unakunywa nini kabla ya kusema na mtu? Unalala peke yako chumbani? Kuna aliyefariki nyumbani? Swali hili la mwisho lilimshtua rafiki yangu, kwa sababu bibi yake aliyemlea alikuwa amefariki miezi michache nyuma, naye hakwenda kumzika kwa kukosa nauli. Hakuwa amemwambia daktari yeyote, na mimi mwenyewe nilikuwa nimejua nusu yake tu.

Jibu la amchi lilikuwa kwamba upepo umepanda moyoni. Alianza na chakula: supu ya mifupa yenye moto kila jioni, vitunguu saumu, siagi, maziwa ya moto, sukari guru kidogo. Aache chai kali, asikae na njaa, asile vitu vya baridi. Kisha mwenendo: asikeshe, asikae kwenye feni usiku, ajipake mafuta ya moto miguuni na utosini kabla ya kulala, na ahamie chumba chenye mtu anayempenda na kuzungumza naye. Haya aliyaandika kwanza. Baada ya hapo ndipo akaandika dawa, vidonge vya kahawia viitwavyo Agar 35, vya kutafuna na kumezea maji ya moto. Ni vichungu kwelikweli. Mwisho akampeleka kwa msaidizi aliyekuwa amefunga kungumanga na kisibiti kwenye vitambaa, akavichovya kwenye mafuta ya moto na kumkandia katikati ya kifua, chini ya shingo na viganjani. Chumba kizima kilinukia pilau.

Usingizi ulimrudia rafiki yangu. Haikuwa siku ileile, ilikuwa polepole, na akaacha vile vidonge vya usingizi kwa kupunguza kipimo kidogo kidogo chini ya daktari wake. Mtu wa maabara ataniuliza ni kipi kilichomsaidia: supu, mafuta, kidonge, au kule kuulizwa habari za bibi yake? Sina namna ya kuvitenganisha, na amchi naye hana haja ya kuvitenganisha, kwa sababu kwake vyote vinne ni tiba moja. Kwa mtu wa fani yangu hilo ni gumu kumeza. Sisi tumefundishwa kuondoa kila kitu hadi kibaki kitu kimoja kinachopimika. Lakini rafiki yangu hakuugua kitu kimoja.

Agar katika hicho kidonge ni udi. Nilipoambiwa nilikinusa tena na kweli nikausikia. Waswahili tunaufukiza udi kwenye harusi na kwa wageni, wao wanausaga pamoja na viungo vingine 34 kwa ajili ya moyo uliovamiwa na upepo. Na haukuwa udi peke yake. Gyushi inafunguka kwa maelezo ya mji wa tiba uitwao Tanadug, uliozungukwa na milima minne. Upande wa kusini panaota dawa za joto, kama komamanga na pilipili manga. Kaskazini, kwenye mlima wa theluji, zipo za baridi: msandali, kafuri, udi na mwarobaini. Mashariki pana misitu ya arura, tunda ambalo Buddha wa Tiba huchorwa amelishika mkononi. Magharibi zipo "bora sita", kila moja na kiungo chake: kungumanga ya moyo, zafarani ya ini, iliki ya figo, iliki kubwa ya bandama, unga mweupe wa ndani ya mwanzi wa mapafu, na karafuu ya mshipa wa uhai. Mpwani akiisoma orodha hiyo ataona kabati la jikoni la mama yake.

Karafuu haioti Tibeti. Juu kule kwenye mita 3,600 za Lhasa huwezi kupata hata mche. Ilipanda kwa mabega na kwa wanyama kupitia njia za Himalaya, kutoka kwenye masoko ya India, na kwa karne nyingi ilikuwa imetoka visiwa vya Maluku, Indonesia. Tangu karne ya 19 mashamba ya Unguja na Pemba yalipochukua nafasi ya kwanza duniani, India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wetu wakubwa. Sina shaka rohoni mwangu kwamba zipo karafuu zilizochumwa Pemba na kuishia kwenye kinu cha mtawa.

Undugu haukuishia kwenye viungo. Vitabu vyao vya historia vinasimulia kwamba mfalme Songtsen Gampo, katika karne ya 7, aliwaita matabibu watatu wakutane kwenye baraza lake: mmoja kutoka India, mmoja kutoka China, na wa tatu kutoka nchi za magharibi, aliyeitwa Galenos. Galenos mwenyewe, yule tabibu Myunani wa kale, alikuwa amekufa miaka 400 na zaidi kabla ya hapo, kwa hiyo jina hilo linasimama kwa elimu yake. Elimu hiyohiyo Waarabu waliitafsiri na kuiendeleza, na ikafika kwetu. Tabibu wa Mombasa au Lamu anayemkataza mwenye baridi yabisi asile vya baridi, na amchi wa Lhasa anayefanya vivyo hivyo, wamekunywa kwenye mito yenye angalau chemchemi moja ya pamoja.

Ni elimu iliyokaribia kupotea. Chagpori kilibomolewa kwa mizinga ya jeshi la China mwaka 1959, wakati wa maasi ya Watibeti wa Lhasa dhidi ya utawala wa China. Chuo cha pili, Men-Tsee-Khang, kilichoanzishwa mwaka 1916 chini ya Dalai Lama wa 13, kilibaki, lakini walimu walitawanyika, na wengine walifungwa. Tenzin Choedrak, aliyekuwa tabibu wa Dalai Lama wa sasa, alikaa gerezani takriban miaka 20 kabla ya kuruhusiwa kutoka na kufika India mwaka 1980. Yeshi Donden alitoroka mapema zaidi, na kuanzia mwaka 1961 akaongoza chuo kipya cha Men-Tsee-Khang huko Dharamsala, kikiwa karibu hakina chochote. Miaka ya 1970 mwanamke, Lobsang Dolma Khangkar, aliyerithi elimu kwa baba yake, akawa tabibu mkuu wa chuo hicho. Leo kina zahanati zaidi ya 50 India na Nepal. Mafunzo ni miaka mitano darasani na mmoja wa mazoezi. Serikali ya India iliitambua Sowa Rigpa kisheria mwaka 2010. Na China, kwa upande wake, ilifanikiwa mwaka 2018 kuyaingiza maogesho ya dawa ya tiba hii katika orodha ya urithi ya UNESCO.

Sasa nizungumze kama mfamasia. Wapo wanaoniandikia wakitaka kuagiza "vidonge vya thamani" vya Kitibeti, vile vinavyofungwa kwa hariri na lakiri. Sishauri. Baadhi yake vina tsotel, majivu ya zebaki iliyopikwa na kusafishwa kwa wiki nyingi pamoja na madini mengine. Watengenezaji wanasema sumu imeondolewa, na najua ni kazi inayofanywa kwa elimu, subira na heshima kubwa. Hata hivyo zebaki ni zebaki. Watu wa Geita, wanaoitumia kukamatia dhahabu, wanajua inachofanya kwenye mishipa ya fahamu na figo. Mjamzito, mama anayenyonyesha, mtoto na mwenye tatizo la figo wasikiguse kidonge hicho, na mtu mwingine yeyote asikinunue mtandaoni bila tabibu aliyemshika mkono. Kidonge kilichotolewa kwenye mti wake, bila chakula, bila mwenendo, bila maswali, kwa mafundisho ya Watibeti wenyewe kimepoteza mashina mengine yote.

Watibeti wenyewe hawana ukaidi huu tunaouona kwa wauzaji wetu. Kifua kikuu kimewatesa sana uhamishoni, na wanakitibu kwa antibayotiki katika Hospitali ya Delek, iliyo eneo moja na Men-Tsee-Khang. Mtu anaweza kuchukua dawa za TB upande mmoja na kupata ushauri wa chakula upande wa pili. Uswisi nako, kampuni ya Padma, iliyoanzishwa mwaka 1969, inatengeneza dawa kutokana na fomula ya kafuri ya Kitibeti iliyopitia kwa familia ya Badmayev, Waburyati (watu wa Siberia) waliotibu watu St. Petersburg, Urusi, enzi za wafalme walioitwa tsari. Imefanyiwa majaribio kwa wagonjwa ambao miguu inawauma wakitembea kwa sababu ya mishipa kuziba, na majaribio kadhaa yalionyesha wanaongeza umbali wa kutembea. Hiyo ni habari njema, na natamani ziwe nyingi zaidi. Ila jaribio la namna hiyo linapima shina la tatu tu.

Mahali ninapopaangalia kwa wivu ni Bhutan, nchi ndogo ya milima ya Himalaya. Tangu mwaka 1967 serikali imeiingiza tiba hii kwenye mfumo wa afya wa taifa. Ndani ya hospitali moja kuna kitengo cha tiba ya kisasa na kitengo cha tiba ya asili, mgonjwa anachagua mlango, hali ikihitaji anapelekwa mlango wa pili, na kote hatozwi pesa. Dawa za asili zinatengenezwa na kiwanda cha serikali, na hupimwa ubora kabla ya kusambazwa. Tanzania tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, tuna Baraza, na pale Muhimbili kuna watafiti wa tiba asili tangu mwaka 1974. Kinachokosekana bado katika hospitali nyingi ni ule mlango wa pili, wenye tabibu aliyesoma, aliyetahiniwa, na mwenye muda wa kumuuliza mgonjwa anakula saa ngapi na analala na nani. Mteja wangu mwenye presha hupata kwangu dakika tatu kukiwa na foleni. Nimeanza kuuliza swali moja la chakula kabla ya kumkabidhi pakiti yake. Foleni inanung'unika kidogo, lakini bado nauliza.